Bwana Afya na Mapokezi Yake

Mimi nilipohamishiwa Dodoma, baada ya Serikali kuanza mwaka 2016 kuutekeleza kwa vitendo ule uamuzi wa mwaka 1973 wa kuleta makao makuu huku, hakuna mtu aliyenitayarishia chumba tulivu chenye pazia lililoshushwa. Nilishuka basi na begi langu, vumbi likanipokea, na kesho yake asubuhi nilikuwa kazini. Kwa hiyo ninayo haki ya kulalamika juu ya mapokezi anayopewa paka mmoja hapa nyumbani kwangu Nkuhungu, paka ambaye aliletwa kwa kazi moja inayojulikana, nayo ni kuwakomesha panya wanaotoboa gunia la mahindi tuliyonunua Kibaigwa.

Huyu si mtoto wa paka. Ni dume la makamo lenye kichwa kikubwa, ambalo jirani yetu alilazimika kuliacha alipopangiwa kituo cha kazi Mtwara. Anaitwa Bwana Afya, kwa sababu haipiti sufuria bila kuikagua. Nilipendekeza tumpe jina jingine, lakini binti yangu Neema, ambaye yuko kidato cha tatu na ambaye tangu siku hiyo amejiteua kuwa msemaji wa paka, alijibu kwamba mtu mzima habadilishwi jina ukubwani.

Msemaji akatoa mwongozo. Paka mzima anayehamia nyumba ngeni hukaa kwanza katika chumba kimoja, akiwa na chakula, maji, beseni la mchanga na mahali pa kujificha, mpaka azizoee harufu na sauti za wenyeji; ndipo hufunguliwa vyumba vingine kidogo kidogo, na nje hatoki kwa muda wa wiki mbili hadi nne, la sivyo atafunga safari ya kurudi alikotoka. Nikauliza ni chumba gani hicho. Ilibainika kuwa ni chumba changu cha redio, chenye kiti changu ninachokiegemea nikitoka kazini. Mama Neema aliunga mkono hoja kabla sijamaliza kuuliza, jambo linalonifanya niamini kwamba kikao kilikuwa kimekwisha kufanyika bila mimi.

Ya chakula nitayapita haraka kwa sababu yananiuma. Maziwa niliyonunua kwa moyo mweupe yalikataliwa, kwa maelezo kwamba paka wengi wakishakua hawawezi tena kumeng'enya sukari iliyomo katika maziwa, na huishia kuharisha. Ugali na mlenda havikumfaa, kwa kuwa mwili wa paka unategemea nyama na samaki. Mchuzi nao una vitunguu, ambavyo huharibu damu yake. Basi Bwana Afya huchemshiwa dagaa wake peke yake, bila chumvi, wakati sisi tunamalizia maharage ya jana. Maji yake hubadilishwa kila siku, hata siku za mgao ambapo mimi mwenye nyumba huoga kwa kopo moja. Mchanga wa beseni tu ndio haukunigharimu, maana Dodoma, kwa makorongo yake, haijawahi kumnyima mtu mchanga. Chanjo ya kichaa cha mbwa nililipia bila kunung'unika, kwa sababu ugonjwa ule dalili zikishaonekana hauna tiba, na mimi ndiye ninayekwaruzwa.

Siku za mwanzo mgeni alikaa nyuma ya kabati, akila usiku tumelala. Tulikatazwa kumvuta na tulikatazwa kelele. Sasa ikaja Jumamosi ya mechi ya watani wa jadi, na televisheni yetu imepakana ukuta na chumba cha mheshimiwa. Mimi ni mtu wa Yanga tangu utoto, na sijawahi kulipokea goli nikiwa nimeketi. Goli letu lilipoingia nilisimama, nikainua mikono, nikafungua mdomo, nikaufunga, nikaketi. Jirani wa upande wa pili, ambaye ni Simba wa kulia machozi, alinipigia simu kuuliza kama nipo hai.

Kisha nikaambiwa kwamba paka hujenga imani na mtu asiyemkazia macho, bali anayeketi chini pembeni, akamtazama kidogo na kuyafumba macho polepole. Nilifanya hivyo jioni moja ya kipupwe, nikiwa nimevaa sweta na kuketi sakafuni, nikilifumbia macho kabati. Mlango ukafunguliwa. Alikuwa mama mkwe wangu, aliyetoka Mvumi bila taarifa.

"Shikamoo, mama," nikasema nikiwa huko huko chini.

"Marahaba, baba Neema. Nani amekuudhi?"

Nilieleza kwamba ninamsalimia paka. Akaliangalia kabati, ambalo kwa upande wake halikuwa na paka anayeonekana, akafunga mlango taratibu, na kutoka sebuleni nikamsikia akimwuliza binti yake kama siku hizi ofisini wananipa likizo.

Kibaya ni kwamba mbinu yenyewe ilifanya kazi. Bwana Afya alitoka, akanifumbia macho naye, akapita akasugua shavu lake kwenye kila mguu wa kiti changu. Nilifurahi mpaka Neema aliponifafanulia kwamba mashavuni mwa paka mna tezi za harufu, na kwamba hivyo ndivyo anavyoweka alama kwenye vitu anavyovihesabu kuwa vyake. Tangu hapo kiti kina mwenyewe. Hulala humo sehemu kubwa ya mchana, na mimi husikilizia taarifa ya habari kwenye ndoo iliyopinduliwa.

Juzi hatimaye alikamata panya, akamweka ndani ya kiatu changu cha kazini. Nyumba nzima ilimpigia makofi, akiwemo mama mkwe. Mimi ninayelipa ada tangu chekechea sijawahi kupigiwa hata kofi moja. Nilipotaka kukikung'uta kile kiatu niwahi ofisini, Neema alinizuia, akisema nimsifu kwanza, asije akavunjika moyo.