Kebo ya Table Mountain haina kosa, ratiba yako ndiyo mbovu

Kila Januari mitandao yetu inajaa malalamiko ya waliokwenda kula sikukuu Cape Town, na lalamiko ni lile lile, ungedhani wamenakiliana. Wamekaa siku tano, siku ya mwisho wakaenda kupanda kebo ya Table Mountain, yale magari yanayoning'inia kwenye kamba hadi juu ya mlima wa mji huo, wakakuta imefungwa. Jua linawaka, mbingu bluu, wanaambiwa eti upepo. Wasanii hawa. Halafu picha ya kibao cha "imefungwa" na emoji tatu za kulia.

Msanii ni wewe na hiyo "siku ya mwisho" yako.

Tazameni ratiba zenyewe. Jumatatu Robben Island. Jumanne Cape Point na pengwini wa Boulders. Jumatano mashamba ya zabibu Stellenbosch. Alhamisi maduka ya Waterfront. Ijumaa mlima, tumalizie kwa kishindo. Jumamosi ndege. Yaani kitu kinachoweza kugomewa na hali ya hewa kuliko vyote kimepewa asubuhi moja tu, tena ile isiyo na ya pili. Mlima si Mlimani City, haufunguliwi kwa sababu wewe umefika.

Tuuzungumze huo upepo, maana ndipo watu wanapokwama. Kwetu pwani Desemba ni kaskazi. Bahari imetulia, watu wanaoga Kunduchi na Diani bila wasiwasi, na mtu anapanda ndege na kalenda hiyo kichwani. Kule mambo yamegeuka. Kuanzia Oktoba hivi hadi Machi ndipo kusi yao inapochachamaa: upepo wa kusini-mashariki, ambao wenyeji wameubandika jina la Daktari kwa vile unafagia moshi na uchafu wa mji hadi baharini. Huo si upepo wa kupeperusha khanga. Unaangusha mapipa ya taka, unamsukuma mtu mzima kando ya barabara, na ukishaamua kuvuma unaweza kuendelea siku mbili tatu bila kupumzika.

Na lile jua linalowakera? Hewa yenye unyevu inatoka baharini upande wa pili wa mlima, inagonga mgongo wake, inalazimika kupanda. Ikipanda inapoa, unyevu unageuka wingu, na wingu linamwagika upande wa mjini kama maziwa yaliyofurika sufuriani. Likianza kuteremka, hewa inapata joto tena na wingu linayeyuka kabla halijafika kwenye nyumba. Ndiyo maana wewe uliyekaa Kloof Street na kahawa yako unaona anga safi, huku juu kabisa kumetandikwa kitu cheupe. Wenyeji wanakiita kitambaa cha meza. Wageni wanakipiga picha, wanaandika "maridadi", kisha wanaita teksi kwenda kupanda kebo. Ukikiona kitambaa hicho, jua kwamba juu kuna ukungu na upepo, na kwamba hata kama magari ya kebo yangekuwa yanatembea ungelipia kuona mkono wako mwenyewe.

Sasa kwa nini upepo uzuie chombo kikubwa namna ile? Kwa sababu kinaning'inia. Mabehewa ni mawili, yamefungwa kwenye kamba ya kuvuta, moja likipanda jingine linashuka. Yanatembea juu ya kamba nene za chuma zilizokazwa kwa vizito vikubwa, kutoka kituo cha chini kilicho mita 302 juu ya usawa wa bahari hadi cha juu kwenye mita 1,067. Mwendo wa kama mita 1,200, na hakuna nguzo hata moja katikati. Pale kati behewa halina cha kuegemea. Hubeba maji sakafuni ili uzito ulitulize, na maji yenyewe yana kazi huko juu, lakini uzito una mwisho wake. Pabaya zaidi ni pale juu: kituo kimekaa kwenye ukingo wa jabali, na behewa linatakiwa kuingia kwenye nafasi yake kwa utulivu. Likiyumba, halitaingia bila kugonga. Halafu kuna hesabu ambayo mlalamikaji haifanyi kamwe. Waendeshaji hawafungi upepo unapokuwa wa hatari. Wanafunga kabla, kwa sababu watu wote walio juu inabidi washushwe kwanza, 65 kwa mkupuo mmoja. Kama kileleni kuna watu mia saba, hiyo ni karibu saa nzima ya kushusha tu. Shughuli hii imeanza Oktoba 1929, na mabehewa yanayotumika ni ya mwaka 1997. Wanaujua upepo wao kuliko programu ya hali ya hewa ya simu yako.

Kwa hiyo fanya hivi. Usiupe mlima siku, upe safari nzima. Kuanzia asubuhi ya kwanza baada ya kutua, toka nje saa 12 uutazame. Ukingo wa juu ukionekana umenyooka kama uliopigwa rula, hakuna wingu, miti ya mtaani imetulia, basi ndiyo siku yenyewe. Fungua tovuti ya kebo, wanaonyesha kama wanafanya kazi, upepo ukoje na joto ni digrii ngapi. Itazame tena unapotoka hotelini, kwani hali inabadilika ndani ya nusu saa. Magari ya kwanza hupanda kwenye saa 2 au saa 2 na nusu kutegemea msimu. Uwe kwenye foleni saa 1 na nusu. Pengwini hawaendi popote, utawakuta Jumanne, utawakuta Alhamisi. Na usijidanganye kwamba utapanda jioni kukishatulia, maana wakati wa kiangazi upepo huo mara nyingi hupata nguvu mchana, haupungui.

Tiketi nunua mtandaoni, lakini soma masharti: ni ya asubuhi au ya mchana (ya asubuhi ni ghali zaidi), na inadumu siku ngapi. Bei, nakubali kwa shingo upande, inauma. Raia wa Afrika Kusini hupanda bure siku yake ya kuzaliwa. Wewe mwana wa Afrika Mashariki siku yako ya kuzaliwa utalipa kama Mjerumani. Lakini kununua mtandaoni kunakuondolea foleni moja kati ya mbili. Ya kupanda unaikaa tu. Uwezo wao ni kama watu 800 kwa saa, hivyo ukihesabu vichwa 400 mbele yako, jiandae kwa nusu saa. Wiki ya Krismasi hesabu zaidi.

Gari binafsi liache. Tafelberg Road, barabara ya kwenda kituo cha chini, ni nyembamba na maegesho hujaa mapema, ukaishia kutembea kilometa nzima juani kabla hujaanza. Panda teksi, au basi la MyCiTi hadi Kloof Nek kisha jingine la kukufikisha kituoni.

Ndani ya behewa msigombane dirisha. Sakafu inazunguka mzunguko mzima katika hizo dakika tano hivi za kupanda, kila mtu atauona mji, bahari na mwamba bila kumpiga mwenzake kiwiko. Kuta hazizunguki, na hapo ndipo kuna kichekesho cha kila safari: mtu kashika chuma cha dirishani kwa nguvu zote, miguu inaondoka, mkono unabaki, anaishia kumkumbatia asiyemjua. Usishike. Na kuna sehemu zisizo na kioo, kwa hiyo simu iwe na kamba au iwe mfukoni.

Juu kuna ubaridi wa kama digrii tano kuliko kituo cha chini, kabla hujahesabu upepo. Vaa jaketi na viatu vilivyofungwa. Kwenye njia pana karibu na kituo unaweza kujiponea na ndala, lakini kilele chenyewe, Maclear's Beacon, mita 1,086, kiko mwendo wa kama dakika 45 kwenda tu, bila kurudi, na njia ni ya mawe. Watu huenda huko wakasahau saa. Kukilia honi, maana yake hali imebadilika na wanakuhitaji kituoni sasa hivi, siyo baada ya selfi nyingine mbili. Ukichelewa na magari yakasimama, njia yako ni Platteklip kwa miguu, ngazi za mawe zenye mwinuko mkali, saa mbili kwa mwenye magoti mazima.

Wale wanaotaka kupanda Platteklip kwa miguu na kushuka kwa kebo, mpango ni mzuri na tiketi za njia moja zipo. Ila hakikisha kebo inafanya kazi kabla hujaanza, siyo ukishafika juu umelowa jasho. Beba maji lita 2 kila mtu na anza alfajiri, kwa kuwa bonde lile linatazama kaskazini na jua la mchana la huko hupita upande huo huo. Usiende peke yako, wizi kwenye njia za mlima ule si hadithi.

Kuna wanaochukua picha za Table Mountain kama ushahidi kwamba na sisi tuweke kebo Kilimanjaro. Hoja hiyo imevuma tangu 2019 serikali ilipotangaza inalifikiria jambo hilo. Mita 1,086 na mita 5,895 hazilingani hata kwa utani. Kule Cape Town unapandishwa kwa dakika tano na mwili hauna habari. Pandisha mtu haraka vile hadi karibu mita 4,000 uone kichwa kitakavyomgonga, na uwaulize wagumu wa Machame, wale wapagazi wa Kilimanjaro, watakula nini. Hilo lina makala yake.

Anayesafiri katikati ya mwaka: Julai au Agosti kebo hufungwa kwa matengenezo ya mwaka, na tarehe hutangazwa mapema kwenye tovuti yao. Zisome kabla ya kulipia ndege. Nje ya siku hizo, majira ya baridi si mabaya kama mnavyotishwa. Mvua huja na upepo wa kaskazini-magharibi, inapiga siku moja mbili, kisha kunafuata asubuhi tulivu ambayo kutoka kileleni unaiona Robben Island kama iko mkononi, na foleni hakuna.

Na wale pimbi wanene watakaokusogelea pale kituo cha juu, msiwape chipsi. Wanang'ata.