Rili haikuwa feki, ni mwendo wako

Kila rili ya umwagiliaji, ile ngoma kubwa inayokunja mpira mrefu wa plastiki huku ikivuta kigari chenye mzinga wa kurusha maji, ikichoka mapema, hukumu ni ileile: "Mashine za siku hizi feki." Mpira umevimba ubavuni, cheni inaruka meno, giaboksi inalia, na mwenye mali ameshaamua kwamba alipigwa tangu dukani. Mpira huo uliburutwaje msimu mzima? Hilo haliulizwi. Basi tuliulize.

Mpira wa rili hauzeeki sana ukiwa unamwagilia. Wakati huo unarudi polepole, umejaa maji, presha imeushika duara kutoka ndani. Unazeeka katika zile dakika chache za kuutandaza kwa trekta, na zile za kuukunja kwa pi-ti-o, yaani shafti ya trekta inayozungusha mashine, pampu ikiwa imezimwa. Na dakika hizo ndizo dereva anazoziendea mbio.

Tupige hesabu. Mpira wa mita 300, trekta ikienda kilomita 3 kwa saa, unatandazwa kwa dakika 6. Ikienda kilomita 6, dakika 3. Faida ya fujo yote hiyo ni dakika 3, kisha rili inakaa palepale saa 10 ikiuvuta mpira mita 30 kwa saa. Hongera sana, dereva.

Sasa tazama ngoma. Ikishashika kasi haisimami kwa kuwa trekta imesimama. Inaendelea kuzunguka, mpira unalegea juu yake, mzunguko mmoja unapanda mgongoni mwa mwingine. Trekta ikivuta tena, ule wa chini unabanwa na kukunjika. Poliethilini, plastiki ya mpira huu, ikishakunjika, pale pamekuwa kidonda cha kudumu. Hata ukipanyoosha, presha itapatafuta palepale. Kwa hiyo anza kwa mwendo wa mtu anayetembea, usiushtue mpira, na punguza mwendo mapema kabla ya kusimama. Breki ya ngoma iguse tu, kiasi cha kuizuia isiitangulie trekta. Ukiikaza kupita hapo, unaurefusha mpira kwa nguvu.

Na usiumalize wote. Bakiza mizunguko 2 kwenye ngoma, maana kile kiungio cha ndani kinachounganisha mpira na ngoma kimewekwa kupitisha maji, hakikuwekwa kupambana na trekta. Paka mpira rangi nyeupe mita 10 kabla ya hapo, dereva aione ikitoka. Kopo moja la rangi, basi, halafu bado kuna watu wanakisia kwa macho.

Jua nalo. Mpira mweusi, mtupu, umelala juani mchana kutwa, umekuwa laini. Ukiuvuta hivyo unarefuka na ukuta wake unakonda. Pitisha maji kwanza upoe, ndipo uvute. Vilevile usiulaze usiku kucha kwenye mfinyanzi uliolowa, ukikauka unaushika kama saruji.

Kwenye kukunja kwa pi-ti-o ndiko watu wanakokosea huku wakijiona wajanja. Wanamwaga maji yote ili mpira uwe mwepesi, kisha wanakanyaga mafuta. Mpira mtupu unabonyea unapojikunja kwenye ngoma, unakuwa bapa kama yai, na mpira bapa haukai kwenye mstari wake. Kweli, maji ni mazito: mpira wenye kipenyo cha ndani cha milimita 90 unabeba lita 6 na zaidi kila mita, karibu tani 2 kwa mita 300. Ndiyo maana uzito huo haukunjwi kwa kasi. Acha maji na presha kidogo ndani, zungusha taratibu, na kigari cha mzinga kikikaribia punguza zaidi.

Hapa sitanii: usibadilishe gia wakati mpira umekazana. Mpira uliovutwa ni springi. Ukitoa gia ghafla, ngoma inaruka kurudi nyuma, meno yanagongana, na mkono ulio karibu hauna dhamana. Legeza mkazo kwa breki kidogo kidogo mpaka ngoma itulie, ndipo ushike leva ya gia.

Trekta ivute kwenye mstari mmoja na rili, la sivyo mpira unasuguana safari nzima na kiongozi, kile kifaa kinachoupanga kwenye ngoma. Valvu ifunguliwe polepole, hewa itoke kabla maji hayajaigonga. Mzinga usirushe duara kamili, kigari kinahitaji njia kavu mbele yake. Kikizama tope, wanaoumia ni mpira na giaboksi. Chujio kwenye pampu, kwa sababu mchanga unaila turbini, ile inayozungusha ngoma kwa nguvu ya maji.

Haya, nakiri: zipo rili zinazotoka na kiongozi wa mpira kilichokosewa, na hilo si kosa la dereva. Lakini linaonekana siku ya kwanza. Mzunguko wa mwisho ukigusa ubavu wa ngoma kabla kiongozi hakijageuka, au kikigeuka kikiacha pengo, simamisha, sogeza cheni ya kiongozi jino moja, kisha kaa uiangalie safu nzima ikijikunja mwanzo hadi mwisho. Itachukua muda kidogo. Tumia zile dakika 3 ulizookoa.