Mwacheni mtoto atengeneze gari lake mwenyewe

Kwenye grupu la wazazi wa darasa la tatu, mama mmoja katuma namba ya fundi. Si fundi bomba wala fundi umeme. Ni kijana wa maeneo ya Mbuyuni, hapa Moshi, anayetengeneza zana za shule: gari, nyumba, ndege, chochote alichoagiza mwalimu. Unalipia leo, kesho unachukua. Muda si mrefu oda zikaanza kumiminika. "Na mimi niwekee." "Ndege ni bei gani?" Nilisoma zile meseji moyo ukiniuma, na bado unaniuma.

Kazi ya Sanaa na Michezo ilikuwa hivi: mtoto atengeneze kifaa cha kuchezea kwa vitu vinavyopatikana nyumbani. Siku ya kukusanya, meza ilijaa magari ya mbao yaliyopigwa msasa na rangi ya mafuta. Watoto waliopigiwa makofi ni wale ambao hata hawajui gundi iliyotumika ilikuwa ya aina gani.

Mwanangu alipeleka lori la boksi. Nalieleza hapa kwa sababu pale shuleni hakuna aliyemuuliza amelitengenezaje. Bodi ni boksi la sabuni. Magurudumu kayakata kwenye kandambili za baba yake zilizokatika mikanda, akifuatisha kifuniko cha kopo. Ekseli ni spoku mbili alizoomba kwa fundi baiskeli wa pale njia panda. Jioni ya kwanza lori likawa linaruka kama chura. Akalisukuma, akalipindua, akalitazama, akalisukuma tena. Kaka yake alitaka kumwonyesha kosa, nikamzuia. Kigiza kinaingia ndipo nikasikia ukelele uani: "Mama! Tundu haliko katikati!" Akakata magurudumu mengine, na safari hii akakata kwanza duara la karatasi, akalikunja mara mbili ili mikunjo ipishane katikati. Hilo la kukunja hakufundishwa na mtu. Niliacha mchicha kwenye ungo nikaenda kumkumbatia.

Sasa niambieni, yule wa gari la mbao alipata nini?

Wazazi wenzangu wanasema mwalimu anatoa maksi kwa kuangalia urembo. Ni kweli, na mwalimu anakosea, tena sana. Ila mwalimu hakututuma kwa fundi. Tumejituma wenyewe, kwa sababu tunaona aibu mtoto wetu akisimama mbele ya wenzake na kitu kilichopinda. Aibu ni yetu, halafu anayenyang'anywa kazi ni mtoto.

Namkumbuka Erasto Mpemba. Mwaka 1963 akiwa mwanafunzi wa sekondari kule Magamba, Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Nafasi kwenye friza ilikuwa ya kugombania, akaogopa kuikosa, akaingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Akauliza kwa nini. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa, na baadaye, shule nyingine, mwalimu mwingine akamfanyia dhihaka mbele ya darasa. Hakuacha kuuliza, hadi Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu Dar es Salaam, alipomsikiliza na kulijaribu jambo lenyewe. Mwaka 1969 wakachapisha matokeo yao pamoja, wakati huo Mpemba akiwa amekwenda kusoma chuo cha wanyamapori, hapa hapa kwetu Mweka. Hadi leo wanasayansi wanabishana kuhusu kinachosababisha hali hiyo, na dunia nzima inaiita kwa jina lake. Yote hayo yalianza kwa kijana aliyeshika sufuria kwa mikono yake mwenyewe. Angeletewa aiskrimu ya dukani, asingeona kitu.

Na sisi wa kihambani, kwenye mashamba ya migomba ya ukoo, hatuna haja ya kuelekezwa haya na mtu kutoka mbali. Kibosho kwa bibi tulifunga mpira kwa majani makavu ya migomba, tukajenga mabwawa kwenye mfereji hadi wakubwa wenye mashamba ya chini wapande kufoka kwamba maji hayafiki shambani. Tulifokewa kwa sababu ya maji. Hakuna aliyesema ujenzi wenyewe ni upuuzi.

Najua mzazi anayefungua duka alfajiri na kurudi usiku hana nguvu ya kukaa na maboksi. Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwa sababu kumwacha mtoto afanye hakuhitaji nguvu zako. Kunahitaji kona ya uani, mfuko wa makopo na maboksi usiotupwa kila Jumamosi, na mdomo wako ufungwe kidogo. Kisu unakiangalia wewe, basi. Simu nayo izimwe. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeuweka mchezo katika orodha moja na chakula, malazi, mavazi na matibabu, lakini sisi tunaukumbuka twisheni ikiisha, kama kuna mwanga umebaki.

Namba ya fundi sijaihifadhi. Kwenye grupu nimeandika ombi moja kwa mwalimu, na naomba wazazi mliomo mniunge mkono: kazi ya muhula ujao ifanyike darasani, kila mtoto aje na takataka zake za nyumbani, na kabla ya kutoa maksi amuulize kila mmoja, "Hapa ulikwama wapi, na ulifanyaje?"