Pawabenki ndani ya ndege: kwa nini ikae karibu na mwenyewe

Abiria wanauliza swali la haki: kama pawabenki ni hatari, mbona inakatazwa kwenye mzigo wa chini ikaruhusiwa kwenye begi la mkononi, katikati ya watu? Tena tangu Oktoba 2025 Emirates, wanayoipanda wengi wetu kupitia Dubai, inaruhusu moja tu, chini ya Wh 100 (wati-saa, kipimo cha nishati ya betri), na ukiwa angani huruhusiwi kuitumia wala kuichaji. Mwenye safari ndefu ya kuunganisha ndege, na tiketi yake imo kwenye simu, ana sababu ya kununa.

Ila moto wa lithiamu una tabia zake. Utando mwembamba unaotenganisha upande chanya na hasi ndani ya seli, yaani kila betri ndogo iliyomo, ukitoboka, seli hupiga shoti, hujipasha yenyewe, hutoa gesi inayowaka na kuambukiza seli ya jirani. Haloni, gesi ya kuzimia moto inayotumika chini kwenye mizigo, huua mwali, lakini joto linabaki, na betri huweza kuwaka upya. Inayopoza ni maji, na maji yanataka mtu wa kuyamwaga.

Katazo la kuiweka kwenye kabati la juu ya viti ndilo linalobezwa zaidi, nami naliona ndilo lenye maana kuliko yote. Tarehe 28 Januari 2025, Airbus A321 ya Air Busan ilishika moto uwanjani Gimhae, Korea Kusini, ikisubiri kuruka kwenda Hong Kong. Moto ulianzia kabati la nyuma. Wachunguzi walisema huenda chanzo ni pawabenki. Watu wote 176 walitoka, paa likateketea. Walitoka kwa sababu ndege ilikuwa bado chini. Juu ya bahari mlango haufunguliwi, na kabati lililoshindiliwa mabegi halionyeshi kitu mpaka moshi uanze kupenya, wakati huo mhudumu hajui hata aanze na begi gani. Ikiwa mfukoni mwa kiti, mwenyewe husikia joto mapema.

Udhaifu wa kanuni uko kwenye lebo. Wh hupatikana kwa kuzidisha mAh (ujazo wa betri ulioandikwa kwenye lebo) kwa volti 3.7 za seli, si 5 za USB, kisha kugawa kwa 1,000: mAh 20,000 ni Wh 74, mAh 30,000 ni Wh 111, inayohitaji kibali cha shirika. Ikizidi 160 haipandi. Mkaguzi husoma maandishi hayo tu, na pawabenki za bei chee huandikwa chochote. Yenye maandishi yaliyofutika hunyang'anywa hata ikiwa nzima. Mbovu yenye lebo safi inapita. Iliyovimba usiibebe kabisa, lebo iseme inavyosema.