Kanuni ya pombe chuoni ipimwe saa nane za usiku

Nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu nilipojifunza kuhesabu pumzi za mtu. Kijana wa chumba cha jirani alikuwa amelala chali sakafuni, mdomo wazi, anakoroma mkoromo wa kukatikakatika. Tulikuwa watano tumemzunguka. Mmoja wetu alishika simu, akaiwasha, akaizima, akaiwasha tena. "Tukipiga, sote tunaitwa kamati ya nidhamu," akasema. Hakuna aliyembishia, kwa kuwa alisema kweli. Mwongozo wa wanafunzi ulikuwa wazi: pombe marufuku bwenini, na yeyote atakayekutwa nayo, au kukutwa mahali inaponywewa, atasimamishwa masomo.

Tulibishana karibu nusu saa. Mmoja akaleta maji baridi ya kummwagia, mwingine akataka kuchemsha kahawa, wa tatu akasema tumwache alale, kutakucha atakuwa mzima. Mimi nilikuwa nimepiga magoti nikiangalia kifua chake. Ikafika pahala nikahesabu mpaka kumi na kifua hakijainuka. Hapo ndipo simu ikapigwa.

Alipona. Lakini ile nusu saa sijaisahau, na ndiyo sababu kila nikisikia chuo kimetoa kanuni mpya za pombe, swali langu la kwanza si kama wameruhusu au wamekataza. Nauliza: kanuni hii inamwambia nini yule aliyeshika simu saa nane za usiku?

Usiku ule hatukujua kitu kimoja ambacho kila mwanafunzi angepaswa kukijua kabla hajapewa ufunguo wa chumba. Ini la mtu mzima huvunja takriban kinywaji kimoja cha kawaida, kama bia moja ndogo, kwa saa, na hakuna namna ya kuliharakisha. Kahawa inamfanya mlevi awe macho, basi. Pombe iko palepale kwenye damu. Maji baridi yanaushusha zaidi joto mwili ambao tayari unapoteza joto. Na pombe iliyomo tumboni inaendelea kuingia kwenye damu hata baada ya mtu kuzimika, kwa hiyo yule tunayemwona "amelala" anaweza kuwa bado anazidi kulewa. Akitapika akiwa chali, koo halishtuki kama kawaida, na matapishi yanaweza kumziba pumzi. Alazwe ubavu, asiachwe peke yake hata dakika moja. Pumzi zikipungua chini ya nane kwa dakika, au zikipishana kwa sekunde kumi na zaidi, midomo ikigeuka rangi, ngozi ikiwa ya baridi, au asipoamka hata akitikiswa, ni dharura. Hata dalili moja inatosha kupiga simu. Haya yanaingia kwenye karatasi moja ya kubandikwa nyuma ya mlango. Mwongozo wetu ulikuwa na kurasa nyingi za adhabu, na karatasi hiyo haikuwamo.

Wapo wanaoamini kwamba marufuku kali ndiyo kinga. Naheshimu nia yao, hasa wazazi. Ila marufuku haiondoi chupa chuoni, inaihamisha. Inatoka ukumbini penye taa na watu wazima, inaingia chumbani penye mlango uliofungwa, na inanywewa haraka kabla mlezi wa bweni hajapita. Marekani wameliona hilo kwa miaka mingi. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1984 iliyabana majimbo yaweke miaka 21 kuwa umri wa kuuziwa pombe, na wanafunzi wengi wa shahada ya kwanza hawajaufikia. Mwaka 2008 wakuu wa vyuo zaidi ya 100 walitia saini tamko la Amethyst Initiative wakitaka mjadala wa umri huo ufunguliwe upya, kwa hoja kwamba unywaji wa kujificha ndio unaozaa unywaji wa hatari. Umri haukubadilishwa, na sheria hiyo ina watetezi wenye hoja nzito, hasa kuhusu ajali za barabarani. Mimi siishabikii namba yoyote. Ninalolishika ni hilo la kujificha.

Na dawa yake ipo. Chuo Kikuu cha Cornell, hukohuko Marekani, kilianza mwaka 2002 utaratibu wa kutomwadhibu mwanafunzi anayeita msaada kwa ajili ya mwenzake aliyelewa kupita kiasi, wala huyo mgonjwa mwenyewe. Waliofuatilia matokeo waliona simu za dharura zikiongezeka bila ushahidi kwamba unywaji wenyewe ulipanda. Vyuo vingine vikafuata, na baadaye majimbo mengi yakatunga sheria za namna hiyo. Nisomapo habari hizo namkumbuka mwenzetu na simu yake. Hakukosa utu. Alikuwa anaogopa kupoteza mwaka mzima wa masomo, akiwa na miaka ishirini, na ndani ya nusu saa hofu hiyo ilishinda kila kitu kingine.

Nimeambiwa mara kadhaa, "Mkisamehe mtawazoesha." Sikubali. Msamaha ninaoudai ni wa simu. Aliyemlazimisha mwenzake kunywa, aliyemwekea kitu kwenye glasi, aliyepigana, hao wajibu. Naye aliyelazwa akae na mshauri wa wanafunzi wiki hiyohiyo, azungumze na mtu asiyeandika ripoti ya nidhamu. Mara nyingi mtu hanywi hivyo kwa furaha.

Kwenye utoaji wa pombe, hapo nataka ukali kweli. Chupa ya mililita 750 ya pombe kali yenye asilimia 40 ina mililita 300 za kilevi halisi. Bia ya mililita 330 yenye asilimia 5 ina mililita 16.5. Piga hesabu: chupa moja ile ni bia kumi na nane. Mtu akiambiwa anywe bia kumi na nane kwa saa mbili tumbo litamgomea kabla hajafika mbali, lakini chupa ile ikimiminwa kwenye ndoo, ikachanganywa na juisi ya rangi, ikachotwa kwa vikombe vya plastiki, hakuna anayejua amekunywa kiasi gani. Mwenzetu wa usiku ule alikunywa vikombe vitatu. Aliapa baadaye kwamba alidhani ni juisi iliyotiwa pombe kidogo, na mimi namwamini, kwa sababu nilionja mabaki yake na ulimi wangu ulikutana na sukari tupu.

Kwa hiyo ndoo zife. Vyuo vingine vya Marekani vimejaribu: Dartmouth walipiga marufuku pombe kali kampasini mwaka 2015, na Stanford mwaka 2016 wakazuia chupa kubwa za pombe kali kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza katika makazi yao. Zinanywewa bado, sina shaka, lakini chuo kimeonyesha kwamba kinaelewa tofauti ya bia na chupa ile. Sherehe iliyoruhusiwa iwe na mhudumu aliyefunzwa, asiyekunywa kazini, asiye rafiki wa wanaomzunguka, mwenye mamlaka ya kumwambia mtu "imetosha" na asipingwe na mwenyekiti wa chama chochote. Chakula kiwepo muda wote, maji na vinywaji visivyo na kilevi viwe mezani pa mbele, visifichwe kona kama adhabu kwa wasiokunywa. Umiminaji ukome saa nzima kabla muziki haujazimwa. Mashindano ya kunywa na tiketi za kunywa bila kikomo visipewe kibali kabisa.

Halafu kuna jambo linaloniuma. Kanuni hizi zikishaandikwa huwahusu wanafunzi tu. Profesa akizindua kitabu, mvinyo unamiminwa ofisini bila kibali, bila chakula, bila wa kuhesabu glasi, na baadaye anaendesha gari huku mlinzi akimpigia saluti. Mwanafunzi anayaona yote hayo. Kanuni iwe moja, kwa ukumbi wa wanafunzi na kwa chumba cha mikutano cha wakuu, au wasitushangae tukisema ni ya kutukamata.

Nimeacha la geti mwisho. Gari la wagonjwa lilipofika usiku ule lilisimamishwa nje. Mlinzi, mzee mpole tuliyekuwa tukimwita baba, alikuwa na agizo: hakuna gari linaloingia baada ya saa sita za usiku bila jina la mwanafunzi, chumba chake na sababu kuandikwa kwenye daftari. Aliandika polepole kwa mkono, akarudia kuuliza herufi za jina, taa za gari zikimmulika. Wiki iliyofuata tuliitwa kamati ya nidhamu, sote watano, na daftari lile ndilo lililokuwa wazi mezani, kwenye ukurasa wa usiku ule, jina la aliyepiga simu limepigiwa mstari mwekundu.