Herufi F Ilivyotunyima Bao

Kwenye daftari letu la kupima waamuzi kuna mstari unaosomeka hivi: "Dk. 83, straika wetu kafunga, refa kakataa." Mwandiko ni wangu. Hakuna neno la uongo hapo, na ndiyo maana mtu akifungua ukurasa ule mimi hukumbuka ghafla kwamba kuna mahali nasubiriwa.

Daftari lilianza kwa nia njema. Kundi letu la mashabiki lilichoka kubishana kwa makelele, likaamua kubishana kwa hesabu. Nikapewa ukarani kwa sababu mwandiko wangu unasomeka, na jina likanikaa: Karani. Kila mechi ina ukurasa wake na safu sita: dakika, tukio, refa alikuwa wapi, kaamua nini, alitakiwa aamue nini, na ya mwisho "nani kaumia, sisi au wao". Safu ya mwisho ilikuwa inajaa upesi kuliko zote. Watu wakanisihi niipanue, nikaipanua kwa kuibana ya tano.

Anayetaka kumpima refa sawasawa lazima aachane na mpira. Unamtazama refa mwenyewe, mwanzo hadi mwisho. Refa anayeijua kazi yake hukata uwanja kwa mshazari, ili mchezo ukae kati yake na mshika kibendera wa upande ule, tukio lionekane kwa macho mawili kutoka pande mbili. Halafu unaangalia pembe. Watu wa jukwaani hupiga kelele za umbali, "yuko mbali yule!", kumbe umbali ni nusu ya habari. Refa anaweza kuwa hatua sita tu kutoka kwenye faulo asione kitu kwa kuwa mgongo wa beki umemziba. Mwingine yuko mbali mara tatu ya hapo lakini kakaa ubavuni, anakiona kiatu kinavyokita kifundo. Baada ya hapo unaipima faulo yenyewe. Uzembe ni mpira wa adhabu na maisha yanaendelea. Kuingia bila kujali kama mwenzako ataumia ni njano. Nguvu iliyopitiliza, inayohatarisha mwili wa mtu, ni nyekundu. Kuanguka kwa mbwembwe hakuongezi uzito wa faulo.

Gharama ya utaalamu huu ni kwamba mechi yenyewe huioni. Msimu ule mabao yetu manne niliyajua kwa kukumbatiwa.

Refa wa siku ile tulikuwa tumeshampima mara tatu: sare moja, vipigo viwili. Kwa jukwaa letu kesi ilikuwa imekwisha. "Huyu katumwa," alisema mzee anayekaa nyuma yangu, ambaye kwa hesabu yake waamuzi wote duniani wametumwa isipokuwa mmoja, na huyo alishastaafu. Mimi nikafungua daftari. Katika mechi zile tatu refa alitoa njano 11, saba kwetu na nne kwao. Hapo wakashangilia. Nikaendelea: faulo zetu zilikuwa 41, zao 26. Ukigawanya, sisi tulipata kadi moja kwa karibu kila faulo sita, wao moja kwa kila faulo sita na nusu. Tofauti hiyo ni ya kupiga chafya tu. Na mechi tatu si rekodi, ni bahati iliyovaa suti. Kimya kikatanda. Kisha mzee akainama hadi sikioni kwangu.

"Karani, mwanangu, wewe uko upande gani?"

Nikajitetea kwa kusema kwamba hesabu ikiandikwa vibaya huumbua watu wakubwa. Kombe la Dunia la 2006, Stuttgart, Croatia na Australia. Mwamuzi Graham Poll wa Uingereza alimpa Josip Šimunić njano dakika ya 61, akampa nyingine dakika ya 90, na jamaa akaendelea kucheza. Alitoka kwa njano ya tatu. Ile ya pili Poll aliiandika kwenye namba 3 wa Australia, na Šimunić alikuwa namba 3 wa Croatia. Tangu niijue habari hiyo, mimi huandika rangi ya jezi kwanza, namba baadaye. Mzee akasema yote hayo ni sawa, lakini huyu wetu katumwa.

Sasa nifike kwenye kipenga, maana siwezi kukizunguka milele.

Nilikwenda nacho uwanjani kwa ajili ya somo. Wenzangu wawili wapya kwenye kamati ya daftari walikuwa hawajui kusikiliza refa. Walikuwa wanamtazama tu. Refa mzuri husema kwa kipenga. Faulo ya kawaida hupata mlio mfupi mkavu. Penalti au rafu mbaya hupata mrefu wenye hasira, ili hata aliye mbali ajue kuna jambo. Mpira wa kurusha, kona au goli-kiki iliyo wazi haihitaji kipenga kabisa, na refa anayepuliza kila kitu hufika dakika ya 70 hakuna anayemsikiliza. Wakati wa mapumziko nikawaonyesha milio hiyo, taratibu, nimekifunika kwa kiganja.

Aina yake ina umuhimu. Kilikuwa kile kisicho na kipira ndani. Ron Foxcroft, mwamuzi wa mpira wa kikapu kutoka Kanada, ndiye aliyekileta baada ya kuchoshwa na vipenga ambavyo kipira chake hukwama pale tu unapokihitaji. Hiki hakikwami. Ukipuliza kwa nguvu, kinalia kwa nguvu. Ukipuliza kwa bahati mbaya, nacho kinalia kwa nguvu. Na refa wetu siku ile alikuwa na cha aina hiyo hiyo.

Somo nililimalizia, Mungu anisamehe, kwa kisa cha 1978 kule Argentina: Brazil na Sweden, wako sare ya 1-1, kona inapigwa, mwamuzi Clive Thomas wa Wales anapuliza kumaliza mechi mpira ukiwa hewani, Zico anaupiga kichwa hadi wavuni na bao halihesabiwi. "Mnaona," niliwaambia, "kipenga kimoja cha wakati mbaya kinavyoweza kuwaliza watu." Wakaandika.

Kipindi cha pili nikasahau kukivua. Kilikuwa kinaning'inia shingoni, na kadiri presha ilivyopanda nikawa nakitafuna. Ilipofika dakika ya 80, bado hatujafungana, nimekibana kwa meno kama mtu anavyobana kalamu.

Dakika ya 83 kiungo wetu kaupata mpira mita kama 35 hivi kutoka golini kwao. Namba 6 wao akamjia kwa nyuma na kumfyeka. Nikafanya kama kanuni yangu inavyosema: usimtazame aliyeanguka, mtazame refa, hesabu moja, mbili, kwa sababu refa naye huvuta sekunde chache aone kama aliyechezewa rafu ana faida. Moja. Refa yuko vizuri, yuko ubavuni, kaona. Mbili. Hapo shabiki wa mbele yangu akasimama na bendera yake kubwa, na nikabaki natazama kitambaa.

Nyuma ya kitambaa kile refa alikuwa amenyoosha mikono mbele: amepeta, yaani kaiona faulo ila mchezo uendelee kwa faida yetu. Mpira ulikuwa umemfikia straika wetu, kakaribia boksi, mbele yake kuna kipa peke yake. Jukwaa zima lilikuwa limesimama kwa sababu hiyo. Mimi, ambaye nimeshaeleza hapo juu kwa madaha kwamba pembe ni muhimu kuliko umbali, nilikuwa na pembe mbovu kuliko mtu yeyote uwanjani, nikadhani wamesimama kwa hasira ya faulo iliyopuuzwa. Nikajaza mapafu nipige kelele na wenzangu: "Faulo!"

Hebu tamka neno hilo polepole. Meno ya juu yanagusa mdomo wa chini, pumzi inasukumwa kwenye upenyo mwembamba. Hivyo hivyo ndivyo kipenga kinavyopulizwa. Ningesema "rafu" huenda ningepona. Herufi F haikufika kwenye A. Ilitoka moja kwa moja kama mlio mmoja mrefu, safi, wenye hasira, wa daraja la penalti.

Mabeki wao wawili wakasimama, mmoja mkono juu. Kipa akanyooka na kuanza kurekebisha glovu. Straika wetu ni mtu ambaye hata kocha humsikia kwa shida. Alikuwa ameshaingia ndani ya boksi kwa mguso mmoja, akaendelea, akausukuma mpira pembeni ya kipa aliyekuwa anamwangalia kama mpita njia. Refa akapuliza wakati mpira unaondoka mguuni. Nyavu zikatikisika. Nikakumbatiwa.

Nilijua yote kabla ya mikono ya watu kuniachia. Sheria ya 5 inasema waziwazi: mtazamaji akipuliza kipenga, na mwamuzi akaona kimevuruga mchezo, mchezo unasimamishwa na kuanzishwa upya kwa mpira wa kudondosha. Bao hakuna. Nikajifariji kwamba pengine atarudi kwenye faulo, maana refa aliyepeta anaruhusiwa kurudi kama faida haikutimia ndani ya sekunde chache. Lakini faida ilikuwa imetimia hadi ikafika boksi. Na hapo ndipo ubaya ulipokamilika: mpira ukisimama ndani ya eneo la penalti, unadondoshwa kwa kipa wa timu inayolinda. Ningepuliza sekunde moja mapema, mpira ungali nje ya mstari ule wa mita 16 na nusu, angedondoshewa mchezaji wetu. Hata kuharibu nilichelewa.

Refa alikwenda kwa kipa, akawasogeza wengine wote mita nne, akaudondosha. Kabla ya hapo alifanya jambo lililonichoma zaidi: alimkumbuka namba 6, akamwita, akampa njano ya ile rafu ya kule nyuma. Hakusahau kitu. Wachezaji wetu walipomzonga aligusa sikio lake, kisha akanyoosha mkono kwenye jukwaa letu.

"Anasema sisi tuna kelele!" mtu akafoka.

"Anasema hatusikii!"

"Anatutukana huyo!"

Makelele yalikuwa ya kupasua anga. Na katikati ya yote mzee akanishika bega. "Karani, wewe ndiye msomi wetu. Kakataa kwa nini?"

Sikuweza kujibu, kipenga kilikuwa shavuni. Nikajifanya napaliwa, nikakohoa mara tatu, nikakitemea ndani ya kofia. "Kuna kipenga kililia, mzee wangu."

"Cha nani?"

"Si cha refa. Ni cha... nje ya uwanja."

Mzee akafikiri. Niliona wazo linavyomjia usoni, nikashindwa kulizuia. "Wageni!" akapaza sauti. "Wageni wametupulizia kipenga!" Ndani ya nusu dakika jukwaa lote lilikuwa limegeukia kona ya mashabiki wa wageni, likiwaita wachawi wa vipenga, na wale maskini, ambao hawakuelewa kosa lao, wakajibu kwa kuimba. Mmoja wa wanafunzi wangu wa mapumziko alinitazama shingoni. Kamba ilikuwa bado ipo, haina kitu mwishoni. Akanitazama usoni. Hajasema hadi leo, ila kila tukikutana ananiomba nimshikie nafasi ya mbele, nami namshikia.

Mechi iliisha kwa suluhu. Kamati ya daftari huwa inatoa alama, kila mjumbe moja hadi kumi, kisha tunatafuta wastani. Wa kwanza akatoa 2. Wa pili akatoa 1 na kuomba iandikwe kwa kalamu nyekundu. Mimi nikatoa 9.

"Tisa?"

"Dakika ya 31 alikosea mpira wa kurusha," nikasema. "Vinginevyo ningempa kumi."

Hawakucheka. Mbili na moja na tisa, gawa kwa tatu: 4. Ndiyo alama yake ya chini kuliko zote nne tulizompa, na siku ile ndiyo aliyochezesha vizuri kuliko siku zote.

Wiki hii ratiba imetoka, na yeye ndiye kapangwa tena na sisi. Mzee ameshaliomba daftari, kalisoma kwa sauti mbele ya watu, kidole kwenye mstari: dakika ya 83, bao letu, kakataa, nani kaumia: sisi. Kidole kikaruka safu ya tano kama kawaida, maana niliibana ikawa nyembamba kama uzi. Humo, chini ya "alitakiwa aamue nini", niliandika siku ile ile kwa herufi ndogo kabisa: "hivyo hivyo".