Faili za kurejesha Windows: zifutwe au ziachwe?

Laptop nyingi za mtumba zinazouzwa Dar es Salaam na Nairobi huja na SSD ya GB 128. Ukishapiga Windows na programu mbili tatu, mstari wa diski C hugeuka mwekundu. Hapo ndipo msako unapoanza, na washukiwa wa kwanza huwa faili za kurejesha mfumo.

Wanaotaka zifutwe wana hoja nzito kwenye Windows.old, folda inayohifadhi toleo la zamani baada ya kompyuta kupandishwa toleo. Yaweza kula GB 20. Kwa kawaida baada ya siku 10 huwezi tena kurudi toleo la nyuma, na Windows yenyewe huifuta. Ya nini kuisubiri? Fungua Disk Cleanup, bonyeza Clean up system files, tia tiki Previous Windows installation(s), basi. Ila chungulia kwanza Windows.old\Users. Fundi akipiga Windows upya bila kufomati, picha na nyaraka zako zote huhamishiwa humo, na wengi huja kuulizia tasnifu zao folda imeshafutwa.

Restore points, yaani nakala za hali ya mfumo unazoweza kuirudia, ni kesi nyepesi. Hazirudishi picha wala nyaraka, kwa hiyo anayezitunza akidhani ndizo bima ya kazi zake anajidanganya. Kazi ya restore points ni kuokoa mfumo ulioharibiwa na draiva au sasisho. Ziwekee kikomo cha asilimia 5, ambacho kwa diski ya GB 128 ni kama GB 6.

Ninapogoma ni kwenye ile sehemu ndogo ya diski yenye WinRE, yaani zana za kurekebishia Windows inapogoma kuwaka. Mara nyingi haifiki hata GB 1, na kuna watu huiondoa kwa diskpart, zana ya Windows ya kugawa diski, wapate MB mia kadhaa. Tarehe 19 Julai 2024, sasisho bovu la CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, liliangusha kompyuta takriban milioni 8.5. Dawa ilikuwa kuingia Safe Mode (Windows ikiwashwa na vitu vya lazima tu) au WinRE na kufuta faili moja tu. Bila WinRE, unatafuta fleshi ya kuwashia mashine isiyowaka. Kweli, sehemu hiyo nayo ina kero zake: Januari 2024 sasisho la KB5034441 liligoma kwa wengi na kosa 0x80070643 kwa sababu WinRE ilikosa nafasi, na Microsoft ikaelekeza watu waiongezee MB 250. Yaani dawa ilikuwa kuipanua, si kuifuta.

Inabaki ile D iliyoandikwa RECOVERY, ya mtengenezaji, ambayo ni nyekundu tangu kompyuta ilipotoka kiwandani. Kujaa kwake hakuipunguzii C kasi. Mara nyingi ndani yake mna Windows 8 au toleo la kwanza la Windows 10, na mwenye bando la kushusha ISO (faili ya kupigia Windows) ya zaidi ya GB 5, pamoja na fleshi ya GB 8, hana sababu ya kulilia mzigo huo. Anayehesabu bando kwa MB aiache, maana ndiyo Windows pekee aliyonayo bila intaneti. Na kabla hujaifuta, fungua Disk Management, inayoonyesha sehemu za diski zilivyopangwa, uone imekaa wapi. Humo, C hupanuka kwa nafasi iliyo wazi inayopakana nayo upande wa kulia tu. Ikiwa WinRE imekaa katikati, utafuta GB 15 na C haitaongezeka hata MB moja.